Kuku Kumi na Mmoja na Mpaka Uliofungwa

Mwaka ule wa ugonjwa, hali ya uchumi wa nchi yetu niliipima kwa utepe wa fundi cherehani. Niliipima kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kando ya ukuta mrefu unaotazamana na kambi ya jeshi ya Katindo, mahali ambapo mke wangu alikuwa ameuza omeleti kwa miaka kumi na minne. Redio ilikuwa na vipimo vyake: bei ya shaba, bajeti ya Kinshasa, franka yetu mbele ya dola. Mimi nilikuwa na mawe mawili.

Mawe hayo yanahitaji maelezo. Kando ya ukuta ule wanapika akina mama kumi na wawili, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya mahali pake. Mipaka yao ni mawe ya lava, meusi, makubwa kama kichwa cha mbuzi, na sheria zao ni tatu. Ya kwanza: mahali ni pako maadamu moto wako unalisha watu. Ya pili: mbabula yako, yaani jiko lako la makaa, ikikaa baridi siku saba mfululizo, majirani wa pande zote mbili wanasogeza mawe mpaka yakutane, na hakuna kesi. Ya tatu: kila chakula kina mwenyewe. Maharagwe yana mama yake, viazi vitamu vina mama yake, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wana mama yao. Asiye wa maharagwe hapiki maharagwe. Omeleti ilikuwa ya mke wangu.

Kati ya jiwe lake la kushoto na la kulia palikuwa na sentimita mia moja na sitini. Nilipapima siku ya kwanza alipokaa pale, kwa sababu napenda kupima. Kazi yangu ni kutengeneza mizani: ya maharagwe, ya nyama, ya saruji, yoyote yenye springi au mawe ya kupimia. Shule niliiacha darasa la sita, na mengine yote nimeyapata katika vitabu. Cha uchumi nilikitoa mikononi mwa muuza karanga ambaye alikuwa ameanza kukichana ili afungie bidhaa zake. Alikuwa amekwisha kuuza jalada, kurasa za mwanzo na kurasa za mwisho. Kwa hiyo sijui nani alikiandika wala kinaishia wapi, lakini sehemu ya katikati naijua vizuri.

Upande wa kushoto wa mke wangu anakaa mama wa uji. Uji wake ni wa mtama, anautia maziwa ya Masisi, na ana mkono mzito wa sukari. Ni mwanamke mnene, mcheshi, asiye na haraka, na tangu zamani anaamini kwamba sentimita mia moja na sitini ni nyingi mno kwa mtu anayepika yai.

Ugonjwa ulipotangazwa, Goma haikushtuka sana. Tulikuwa tumetoka kwenye Ebola juzi juzi. Ndoo zenye bomba zilikuwa bado mbele ya kila mlango, na mikono yetu ilikuwa na harufu ya kloro kiasi kwamba mke wangu aliweza kunitambua gizani. Tulidhani tunaujua mtihani huo. Kisha ndege za Kinshasa zikasimama. Watalii waliokuwa wakipanda kwenda Rumangabo kuona sokwe wakatoweka. Shule zikafungwa, na mwalimu mmoja wa shule ya kulipia, mteja wetu wa kila asubuhi, akaonekana amepanda pikipiki ya shemeji yake, anatafuta abiria akiwa bado amevaa tai. Mambo hayo yote niliyasoma kama mtu anayesoma habari za mvua ya mji mwingine.

Ndipo mpaka ukafungwa.

Kwetu mpaka ni mtaro na chuma kinachopandishwa na kushushwa. Ukipiga mluzi huku, mbwa wa Gisenyi, mji wa nchi jirani, anageuka kule. Kila asubuhi wanawake walivuka kwa mamia, wakiwa na vitunguu, karoti, na juu ya vichwa vyao zile plato, yaani trei, za mayai zilizopangwa mpaka zikafanana na minara. Kwa miaka kumi na minne nilikula mayai yale bila kuyauliza uraia wake. Chuma kiliposhushwa kikabaki chini, nilijua majibu ndani ya siku nne: yote yalikuwa yametoka ng'ambo.

Na mizani nayo ikanyamaza. Asiye na kitu cha kupima hatengenezi mizani. Mbabula ya mke wangu ikawa moto wa pekee uliobaki nyumbani mwetu, na kama mahali pale pangepotea, mjini hapakuwa na ukuta mwingine usio na wenyewe.

Mwanzoni mke wangu alipunguza. Mayai machache yaliyopatikana, kwa njia ambazo sikuuliza, aliyatandaza kwenye kikaangio kwa ustadi mkubwa. Omeleti ikawa nyembamba hata ungeweza kuitumia kama karatasi ya kunakilia ramani. Mwalimu aliinyanyua kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye jua.

"Mama, hii omeleti naonaka kambi yote kupitia ndani."

"Basi unakula na kutembea kwa bei moja," mke wangu akamjibu.

Kukaa kula kulikuwa kumekatazwa. Mabenchi yalikuwa yameondolewa, na askari polisi walipita kuangalia kama kuna mkusanyiko. Mahali pekee ambapo watu waliruhusiwa kusimama pamoja, tena walisifiwa kwa kufanya hivyo, palikuwa kwenye ndoo ya kunawa. Kwa hiyo polisi walipotokea, wateja wote wa ukuta walijipanga mstari kwenye ndoo yetu, mkono mmoja nyuma umeshika mkate, mashavu yamejaa. Polisi mmoja alitusimamisha akatuonyesha kwa mwenzake kama mfano wa usafi.

Asubuhi niliyopima mia moja hamsini na mbili, nilikwenda kwa mama wa uji nikamwamkia kwa heshima.

"Mama, jiwe limesogea."

"Jiwe gani, papa?"

"Hili, la katikati yenu. Sentimita nane."

Alilitazama jiwe kwa masikitiko ya kweli. "Mi sijaligusa. Ni volcano. Si unajua mawe ya hapa yalitokaka kule juu yakitembea? Labda haijamaliza safari."

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Mabanga tunakoishi, nikafungua kitabu. Katikati ya kitabu, sehemu niliyobarikiwa kuwa nayo, panaelezwa jambo la busara: nchi isiyoweza kununua kitu nje ijifunze kukitengeneza ndani. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Kisha nikachora mpango. Nyuma ya nyumba palikuwa na nafasi ya viota kumi na kimoja, vilivyopangwa ukutani kama rafu za ofisi. Nilitumia kile nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya mabati ya paa, nikanunua kuku kumi na mmoja kwa mtu aliyewashusha kutoka barabara ya Rutshuru.

"Zote ni mama," aliniapia. "Utachoka kuokota."

Siku ya tatu wawili waliwika.

Mwalimu alipopita kutusalimu alisimama akasikiliza. Hakucheka. "Muzee, hiyo si hasara," akasema. "Hilo ni taifa kamili. Wawili wanapiga kelele, tisa wanafanya kazi."

Shida ya pili ilikuwa ardhi. Uwanja wetu ni lava tupu. Kuku alipiga makucha mara moja, akatazama chini, akanitazama mimi. Nikanunua magunia mawili ya udongo, kwa maana katika mji huu hata udongo unanunuliwa. Shida ya tatu ilikuwa chakula. Mwenye duka alinieleza kwa upole kwamba chakula cha kuku wa mayai nacho kilikuwa kinatoka ng'ambo, na kwamba nacho kilikuwa kimekaa nyuma ya chuma kilekile. Ile sura ya kitabu changu kuhusu kutengeneza ndani haikuwa imelitaja jambo hilo. Nikatafuta mbadala: pumba za mahindi, na vumbi la sambaza waliokaushwa, lile linalobaki chini ya magunia. Kuku walilipenda. Baada ya majuma mawili walitaga, na niliyabeba mayai saba ya kwanza mpaka ukutani ndani ya kofia yangu, nikitembea polepole kama paroko mwenye ekaristi.

Mwalimu aliuma mara moja.

"Mama, umeungana na yule wa sambaza?"

Mama wa sambaza, aliyekaa nafasi tatu mbele, alinyanyua kichwa. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu ya ile sheria ya tatu. Alikuja mwenyewe, akanusa kikaangio, akamtazama mke wangu kwa muda.

"Mama, hii iko na samaki ndani."

"Ni yai, dada. Unaona ni yai."

"Naona yai. Pua inaona samaki."

Alimpa onyo mbele ya mashahidi. Jioni ile nilitafakari. Harufu, niliwaza, ni uchafu, na uchafu una dawa. Ebola ilikuwa imetufundisha dawa moja kwa mambo yote: viatu, vitasa vya mlango, mikono ya maharusi. Nikatengeneza maji ya kloro, nguvu ile ya kuoshea vyombo vya wagonjwa, ili kuwa na uhakika, nikalaza mayai ya siku nne humo tangu asubuhi hadi mchana. Kitu ambacho sikukijua, na ambacho nadhani hakuna mtu wa mji usiopitia Ebola angehitaji kukijua, ni kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo sana. Linapumua. Mayai yangu yalivuta pumzi ndefu kwa saa sita.

Asubuhi iliyofuata wateja walikuwa wengi, kwani habari za kuku zilikuwa zimeenea hadi ndani ya kambi. Mwalimu alihudumiwa wa kwanza. Alitafuna, akaacha kutafuna, akaweka mkate juu ya jiwe.

"Mama, niambie ukweli. Hii yai ilitagwa ku kituo cha Ebola?"

Askari mmoja nyuma yake alionja, akarudisha sahani. "Mi nilitokaka kule mzima," akasema. "Sirudi kwa sababu ya omeleti."

Mama wa uji alipanga vikombe vyake. Alikoroga chungu chake polepole, na wateja wetu, mmoja mmoja, wakaelekea kwenye mvuke ule wa maziwa. Maziwa ya Masisi yalishuka kutoka milimani kila siku bila kuomba ruhusa ya mtu. Lazima niseme kwa haki: ule ulikuwa uji mzuri. Nilipata kikombe.

Mke wangu alizima moto saa mbili asubuhi. Mayai yaliyobaki alikataa hata kuyagusa, na katika siku mbili yakaanza kunuka vitu vitatu kwa pamoja. Mayai ya kweli hayakupatikana tena kwa njia yoyote, na ya kuku wetu, yenye samaki, yalizuiwa na lile onyo. Ndivyo zilivyoanza siku za mbabula baridi. Alikwenda ukutani hata hivyo, akakaa kati ya mawe yake na mikono mapajani, kwa kuwa sheria ilihesabu moto lakini haikukataza kukaa. Siku ya tatu nilipima mia moja arobaini na moja. Siku ya tano, mia moja thelathini na tano, na jiwe la kulia, la mama wa maharagwe, ambaye siku zote tulimwona mtu wa sala, nalo lilikuwa limepata ugonjwa wa kutembea. Siku ya sita nilipima mia moja ishirini na sita.

"Volcano imechangamka," mama wa uji akaniambia, akinisogezea kikombe.

Nilikunywa. Kisha nikamwambia, kwa ukali niliouona unafaa, kwamba kesho ni siku ya saba.

"Najua, papa. Nimeshaambia mutu wa kuniletea chungu cha pili."

Usiku ule nilisoma kitabu tangu ukurasa wa kwanza nilio nao hadi wa mwisho nilio nao. Kilikuwa na habari za mataifa yaliyopoteza masoko, za benki, za reli. Hakikuwa na habari za mwanamke anayepoteza ukuta.

Asubuhi nilimkuta mke wangu kwenye ngazi ya nyuma, akinoa kisu juu ya jiwe la lava.

"Unafanya nini, mama?"

"Naenda kupika."

"Mayai haiko."

"Nimesema mayai?"

Alikuwa anawatazama kuku. Nilisimama kati yake na viota. Nilimweleza, kwa utulivu, kwamba wale walikuwa mtaji. Mtaji ndio unaozaa. Anayekula mtaji anakula kesho yake, na jambo hilo limeandikwa waziwazi kitabuni.

"Kitabu chako kinaishia wapi?"

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili."

"Na kilikuwa na kurasa ngapi?"

"Sijui. Zile za mwisho zilifungiwa karanga."

"Basi habari ya kuku ilikuwa kwa zile za karanga," akasema. "Shika miguu. Tunaanza na wale wawili wenye kelele."

Nikashika miguu.

Hakuna mama kando ya ukuta ule aliyewahi kupika kuku. Kuku ni ghali, ni wa harusi na wa kumpokea mkwe. Kwa hiyo kuku hakuwa na mwenyewe, na sheria ya tatu haikuwa na la kusema. Mke wangu alikuwa amelifikiria hilo kwa siku sita, mikono mapajani, wakati mimi nikipima. Alikata yule jogoo wa kwanza vipande vidogo sana, akaongeza maji mengi, tangawizi, pilipili na kitunguu kimoja kilichozeeka, akauza mchuzi kwa bakuli pamoja na mkate. Kilichouzwa hasa ni mchuzi. Kuku alikuwamo kama shahidi.

Mwalimu alikunywa bakuli zima bila kutua, kisha akatafuta chini kwa kijiko.

"Mama, kuku yenyewe iko wapi?"

"Amepita. Ukiwahi kesho utamukuta."

Aliwahi. Wanajeshi nao waliwahi. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kimepungua, kunusa kuku saa moja asubuhi kuliwafanya watu wasimame barabarani, na polisi walipotokea, mstari wa kunawa mikono ulifika hadi kwa mama wa viazi vitamu. Kila siku kuku mmoja. Kila jioni nilihesabu waliobaki. Mawe yalisimama pale yalipokuwa, mia moja ishirini na sita. Chungu cha pili cha mama wa uji kililetwa siku hiyo ya saba, kikakaa kando yake bila kazi. Lakini hakuna jiwe lililorudi nyuma hata unywele mmoja. Mama wa uji alikuwa na subira. Naye alijua kuhesabu kuku.

Ilipofika siku ya kumi ya mchuzi, amebaki kuku mmoja, likaja gari kutoka ng'ambo. Serikali mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba watu wasivuke, ila mizigo ivuke. Wanawake wa kule na wa huku walijiunga kwa makundi. Kila kundi lilikodi gari moja, likapakia mizigo yote pamoja, na wenye mali wakabaki kila mmoja upande wake wakipeana maagizo kwa simu. Waliita grupaji. Lori la kwanza lilishusha vitunguu, karoti, kabichi, na plato za mayai zilizokuwa zimewekwa chini kabisa na mtu ambaye bila shaka hakuwa muuza mayai. Mali ya watu arobaini ilikuwa rundo moja. Kila mmoja alidai kilo zake, na hakuna aliyemwamini mwenzake.

Mtu akakumbuka kwamba Mabanga kuna papa mmoja mwenye mizani iliyonyooka. Wakanifuata.

Nilipima tangu asubuhi hadi saa tisa, gunia baada ya gunia, huku wanawake arobaini wakinisahihisha. Waliponiuliza nataka malipo gani, sikufungua kitabu. Nilisema: mayai, na mayai yasiyo na ufa, na kila gari litakapokuja. Nilitembea hadi nyumbani na plato mbili, moja juu ya nyingine, na watu walinipisha njia kama kwamba nimebeba mtoto mchanga.

Kesho yake mke wangu aliondoka nyumbani mapema kuliko kawaida, bila kuniamsha. Nilipofika ukutani saa kumi na mbili na nusu, moto ulikuwa umewaka, mafuta yanalia, na omeleti ya kwanza ilikuwa nene kama godoro. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni amevua kofia ya pikipiki.

Nilitoa utepe. Nikapima, nikapima tena kuanzia upande wa pili, kwa sababu sikuamini. Sentimita mia moja na sitini na nne.

Mama wa uji alikuwa anatazama jiwe lake. Alitazama chungu chake cha pili, ambacho sasa kilikuwa kimebanwa ukutani. Kisha akanitazama mimi.

"Papa, wewe ni mutu wa vipimo. Sema ukweli. Ile jiwe ilikuwa pale jana?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakunja omeleti kwa uangalifu mkubwa, kidole gumba cha mkono wake wa kulia kina vumbi jeusi la lava hadi kwenye kucha.

Redio asubuhi ile ilikuwa imesema kwamba uchumi wa dunia nzima unasinyaa, na wetu pamoja nao. Sina sababu ya kubishana na redio. Nilikunja utepe, nikautia mfukoni.

"Ni volcano, dada," mke wangu akasema, bila kugeuka.

Mama wa uji aliweka mwiko wake chini. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka. Akavuta kigoda chake karibu na jiwe, sio kulisogeza, bali kukaa, akanyoosha sahani yake juu ya mpaka.

"Basi iambie volcano inikaangie mbili," akasema. "Na isiweke kloro."

Kuku wa kumi na mmoja bado yupo nyumbani. Anataga siku moja, anapumzika siku moja. Mke wangu hayapiki mayai yake. Nayachemsha mwenyewe, nayala peke yangu, na bado yana samaki kidogo.